"Niko poa": kisa cha mgumu aliyeishiwa moto kambi ya Barafu

Kisa hiki kilitokea mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, msimu wa vuli. Nimekiandika kwa ajili ya viongozi wenzangu wa misafara, wapishi wa mlimani, na yeyote mwenye kazi ya kupeleka watu kwenye baridi huku wamebeba mizigo. Mwaka, jina la kampuni na baadhi ya mambo ya mhusika nimeyaondoa au kuyabadilisha, na mwenyewe aliridhia kiandikwe. Kiongozi mkuu wa msafara nilikuwa mimi. Makosa mawili makubwa kati ya yatakayotajwa ni yangu.

## Usuli

Mhusika alikuwa mpagazi, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye misimu mitatu mlimani. Pale getini, wakati mizigo inapimwa ili isizidi kilo 20 kwa mtu, alipanda kwenye mizani kwa utani: kilo 58. Namba hiyo niliikumbuka baadaye nilipokaa kupiga hesabu.

Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu, na jina hilo lina masharti yake. Mgumu halalamikii mzigo, halalamikii mvua, na njaa ndiyo haitajwi kabisa. Ukimuuliza hali, jibu ni moja: "Niko poa, kiongozi." Mimi mwenyewe nilianza kwa kubeba, na jibu hilo nimelitoa mara nyingi nikiwa siko poa hata kidogo.

Chakula cha wagumu katika msafara wetu kilikuwa cha milo miwili. Asubuhi chai ya rangi na mkate. Jioni ugali wa kushiba, kwa kabichi au dagaa, na siku ya bahati nyama. Mchana ulikuwa chochote ambacho mtu alijinunulia mjini akatia mfukoni, biskuti au karanga, na kufikia siku ya tano mifuko huwa mitupu. Wageni walikuwa na uji, mayai na matunda asubuhi, mlo kamili mchana, na saa kumi jioni chai kwa bisi, kabla ya chakula cha usiku kinachotanguliwa na supu. Sisemi hivi kuwasimanga wageni. Nasema kwa sababu sufuria zote hizo hupikwa kwenye hema moja, na siku ya tukio bisi zilikuwa zinarukaruka hatua chache tu kutoka alipoketi mtu ambaye tumbo lake halikuwa na kitu.

Jambo la mwisho la kujua ni maji. Barafu, kambi ambayo watu huanzia safari ya kileleni usiku, haina maji. Mto wa mwisho uko bonde la Karanga, zaidi ya mita 600 chini yake. Kila tone la chai linalonywewa Barafu limebebwa na mtu kichwani au mgongoni. (Ndiyo, kambi inaitwa Karanga. Karanga zenyewe zingekuwemo mifukoni siku ile, nisingekuwa na kisa cha kuandika.)

## Siku yenyewe

Ilikuwa siku ya tano ya safari ya siku saba. Wapagazi wawili walikuwa wameshateremshwa, mmoja kwa kuharisha na mwingine kwa kifundo cha mguu, kwa hiyo mizigo yao iligawanywa na hapakubaki mtu wa kubeba maji. Niliamua kwamba wakishafika Barafu na kusimamisha mahema, vijana watatu warudi Karanga kuchota.

Tuliondoka Karanga saa moja na nusu asubuhi. Kijana wetu alikuwa wa kwanza kufika Barafu, saa nne na nusu. Kwa kuwa alikuwa wa kwanza nilimwona ana nguvu kuliko wenzake, nikamtaja wa kwanza kwenye orodha ya maji. Sikumuuliza amekula nini. Baadaye niliambiwa na mwenzake wa hema kwamba usiku uliotangulia aliacha nusu ya ugali wake akisema umemkinai, jambo la kawaida kwa mtu aliye juu ya mita 4,000, kwa sababu mwinuko huua hamu ya chakula. Asubuhi alikunywa kikombe cha chai na vipande viwili vya mkate, kisha akawahi njiani ili apate uwanja mzuri wa mahema.

Aliteremka na dumu tupu kama saa tano. Kwenye saa saba mvua ilianza, ikageuka theluji yenye maji, ile inayolowesha kuliko mvua yenyewe. Alivaa koti la mvua la plastiki, akajaza dumu la lita 20, akaanza kupanda tena.

Saa kumi na dakika kumi aliingia kambini. Aliketi juu ya lile dumu karibu na hema la jikoni bila hata kufungua kamba. Nilipita nikamuuliza, akajibu "Niko poa." Nikaendelea na shughuli za wageni. Robo saa baadaye nilipita tena, bado ameketi palepale, akitetemeka mwili mzima, anajaribu kufungua zipu ya koti na vidole havishiki. Nilipomwita, maneno yalimtoka kama ya mlevi. Alijaribu kusimama akajikwaa kwenye kamba ya hema ambayo alikuwa ameifunga yeye mwenyewe asubuhi.

Wenzake wakamwingiza hema la jikoni, wakamsogeza karibu na jiko la gesi, mmoja akaanza kumsugua miguu. Mimi nikaagiza apewe supu ya wageni ya moto sana. Alikunywa bakuli zima. Nikaridhika, nikaenda kuzungumza na wageni kuhusu safari ya usiku.

Saa kumi na moja jioni nilirudi, nikakuta kutetemeka kumepungua. Nilifurahi. Nilidhani ametulia.

## Maamuzi, na kwa nini

Aliyenitoa kwenye furaha hiyo ni mpishi wetu, mzee anayefanya kazi mlimani tangu mimi niko shule. Alimtazama yule kijana, akatazama bakuli, akasema: "Mwanangu, hayo ni maji yaliyopita karibu na karoti. Mpe kitu cha kuwaka."

Kijana hakuwa ametulia. Alikuwa hajui ni siku gani, macho yanafumba, na kutetemeka kulipungua wakati mwili bado ni wa baridi mpaka kifuani. Mtu anayepata joto huacha kutetemeka huku anachangamka. Akiacha kutetemeka huku anasinzia, mwili umeanza kushindwa. Kipimajoto chetu cha sikioni kilionyesha nyuzi 33.8, lakini kipimo cha aina hiyo hudanganya kwenye baridi, na kile cha oksijeni cha kidoleni hakikusoma chochote kwenye vidole vilivyopoa. Niliamua kwa macho yangu tu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumtoa karibu na jiko. Hema lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua, na jiko linalowaka ndani ya hema lililofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Tulimpeleka hema kavu, tukamvua kila kitu kilicholowa, tukamfuta, tukamvalisha nguo kavu za watu watatu tofauti na kofia mbili. Chini yake tuliweka magodoro mawili ya sponji, kwa sababu ardhi ya Barafu hunyonya joto kuliko upepo. Akaingia kwenye mfuko wa kulalia pamoja na chupa mbili za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye soksi, zikakaa kwapani na kifuani. Kusugua miguu nilikataza. Damu ya miguuni ilikuwa baridi, na kuilazimisha irudi haraka moyoni hakumsaidii mtu.

Uamuzi wa pili ulikuwa chakula. Kabla ya kumpa chochote nilimpa funda moja la maji ya vuguvugu nione kama anameza sawasawa, maana mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa na kinywaji kikaingia kwenye mapafu. Alimeza, na kikombe alikishika kwa mikono miwili. Basi akapewa chai yenye vijiko vinne vya sukari, kidogo kidogo, huku mzee akipika uji wa ulezi. Aliutia vijiko vinne vya mezani vya sukari, na mwishoni siagi ya karanga kutoka kopo la wageni, vijiko viwili vilivyojaa. Hakuniomba ruhusa ya kulifungua, na sikuwa na nafasi ya kuuliza.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kukataa. Mpagazi mmoja alitoa kichupa cha pombe kali mfukoni, kwa nia njema kabisa, "kimwashe moto". Pombe hupanua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, mtu anahisi joto wakati ndani anazidi kupoa. Tena hulifanya ini lishindwe kutoa sukari ambayo mwili unaihitaji. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini chupa ndogo zimeshika nafasi yake, na imani hii imebaki mlimani kama ilivyokuwa.

Wa nne ndio ulionisumbua. Mtu anayepepesuka na kuchanganyikiwa kwenye mita 4,600 anaweza kuwa na uvimbe wa ubongo unaoletwa na mwinuko, na tiba kuu ya huo ni kushuka mara moja. Lakini kumtembeza mtu aliyepoa, mwenye tumbo tupu, gizani na kwenye theluji, ni kumfanya apoe zaidi njiani. Nilichagua kumpasha joto na kumlisha kwanza kwa muda usiozidi saa moja, deksamethazoni, dawa ya kupunguza uvimbe huo, ikiwa tayari mkononi na machela ya gurudumu moja ikiwa imeagizwa, kisha kumshusha hata akipata nafuu. Kama ndani ya saa hiyo asingebadilika, ningempa dawa na kumshusha kwenye machela bila kusubiri.

## Matokeo

Kutetemeka kulirudi dakika kumi na tano hivi baada ya chai, kwa nguvu kuliko mwanzo. Wenzake waliogopa, mimi safari hii nilijua ni habari njema. Saa kumi na mbili kasorobo alikuwa anataja majina ya watu hemani, akamaliza bakuli la uji, akaomba jingine. Saa kumi na mbili na nusu nilimtembeza mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole, akaweza. Mwanzoni alikuwa ameshindwa hatua ya pili.

Saa moja kasorobo walishuka watatu kwa taa za kichwani kupitia njia ya Mweka, yeye katikati bila mzigo, mfukoni ana sukari guru na bisi zilizobaki. Machela ilikuwa nyuma yao na haikutumika. Saa mbili na nusu usiku walifika kambi iliyo karibu mita 3,800. Alikula makande, akalala. Kesho yake aliteremka hadi geti la Mweka kwa miguu yake. Kliniki mjini Moshi walimpima malaria, sukari na mapafu, hawakuona tatizo.

Alilipwa siku zote saba. Hilo lilihitaji ubishi wa simu mbili na ofisi, na nalitaja kwa sababu mgumu anayejua kuwa akishushwa anakatwa siku hataacha kusema "niko poa".

## Uchambuzi

Mzigo ndio uliokuwa unampasha joto

Swali nililoulizwa na wengi ni hili: iweje mtu apande na kushuka kwa muda wa saa nane bila kuganda, aje kuganda baada ya kuketi? Jibu liko kwenye misuli. Kati ya nishati inayotumiwa na misuli, robo tu au pungufu huwa kazi. Iliyobaki yote hugeuka joto. Mtu anayepanda na mzigo ni jiko linalotembea. Akiketi, jiko linazimika palepale, lakini nguo zilizolowa na upepo vinaendelea kumnyang'anya joto kama kawaida.

Nimejaribu kukadiria kuni zilizotumika siku ile. Mwili wa kilo 58, mzigo wa kilo 20, begi lake dogo la kilo 5: jumla 83. Kuinua uzito huo mita 650 hutaka kama kilokalori 126 za kazi tupu, na kwa kuwa misuli hufanikisha robo hadi sehemu moja ya tano, mwili unachoma kati ya 500 na 630. Hiyo ni safari moja. Alipanda mara mbili. Juu ya hizo zaidi ya 1,000 weka mwendo wa kuteremka, kutembea kwenye mawe, na zile 1,500 hivi ambazo mwili wa ukubwa huo huchoma kwa siku hata ukilala kitandani. Alichokula tangu kuamka, chai na mkate, hakifiki 250.

Akiba ipo, ndiyo. Misuli na ini huhifadhi wanga kwa jina la glaikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 600 kwa mtu aliyekula vizuri. Kijana huyu alikuwa ameacha nusu ya ugali, kwa hiyo ghala lilianza siku likiwa pungufu. Mafuta ya mwilini hayaishi kirahisi hata kwa mtu mwembamba, lakini huwaka polepole, na kutetemeka kwa nguvu hutaka wanga. Mtu aliyetulia hutoa joto la kilokalori 70 au 80 kwa saa. Anayetetemeka kwa nguvu anaweza kufika mara tatu hadi tano ya hapo. Sukari ya damu ikishuka sana, mwili hupunguza kutetemeka wenyewe hata kama baridi haijaisha. Ndicho nilichokiona saa kumi na moja nikakiita kutulia.

Supu yangu

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na nitakaa kidogo.

Wengi wetu tunaamini kwamba kitu cha moto tumboni ndicho kinachompa mtu joto. Hebu tuhesabu. Kikombe cha mililita 300 chenye joto la nyuzi 60 kikiingia kwenye mwili wa nyuzi 37 kinaleta tofauti ya nyuzi 23, yaani kilokalori 7 hivi. Kuupandisha mwili wa kilo 58 nyuzi moja kunataka karibu 50. Kikombe kizima cha moto, basi, ni sehemu moja ya saba ya nyuzi moja. Ukikipa vijiko vinne vya chai vya sukari, gramu 20, umeongeza kilokalori 80, zaidi ya mara kumi ya joto la maji yenyewe. Moto wa chai unafariji mdomo na mikono, na sidharau faraja. Lakini unaomfanya mtu aweze kutetemeka ni ule ulioyeyuka ndani ya chai, ambao ungefanya kazi hata chai ingekuwa vuguvugu.

Supu yangu ilikuwa karoti, kitunguu, kitoweo cha kopo na maji mengi. Ni supu nzuri kwa mgeni ambaye baada yake anasubiri wali na kuku. Kwa mtu aliyeishiwa ilikuwa chumvi na mvuke. Ilimpa hisia ya joto, ikampa mpishi msaidizi hisia ya kuwa amefanya kitu, ikanipa mimi ruhusa ya kuondoka kwa nusu saa. Mtori ungekuwa jambo tofauti kabisa: ndizi zilizopondwa zimejaa wanga, nyama ipo, mafuta yapo. Bibi zetu wa Uchagani hawakuwa na mizani ya kalori, lakini mama aliyejifungua hawakumpa maji ya karoti.

Jiko nalo lilifanya kosa la aina hiyohiyo. Joto la nje likipiga ngozi, ngozi inauambia ubongo kwamba mambo ni mazuri, na kutetemeka kunapungua kabla kifua hakijapata joto. Mtu aliyekwisha kula na kukauka hana shida na jiko. Huyu alikuwa mbichi na mtupu.

Kwa nini wanga, na si nyama choma

Baadhi ya viongozi niliowasimulia walisema angepewa nyama, "ina nguvu". Kuna ukweli ndani yake: protini ndicho chakula kinachotoa joto jingi zaidi wakati wa kumeng'enywa, asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake, wakati wanga ni 5 hadi 10 na mafuta hayazidi 3. Nyama ya jioni humsaidia mtu alale na joto. Lakini nyama hutaka muda tumboni, na kijana wetu hakuwa na muda.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya kule juu peke yake. Kwenye mita 4,600 hewa ina oksijeni iliyozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Lita moja ya oksijeni ikichoma wanga hutoa kilokalori 5 hivi. Ikichoma mafuta hutoa 4.7. Tofauti ni ndogo, lakini mahali ambapo kila pumzi inahesabiwa, ni afadhali kuwa nayo. Siagi ya karanga ya mzee ilikuwa na maana yake: sukari ya chai ilimtetemesha, wanga wa uji ulimrudisha, na mafuta ya karanga yalimtembeza hadi kambi ya chini saa mbili baadaye. Ingekuwa siagi peke yake mwanzoni, tumbo lingeichelewesha. Utaratibu ulikuwa sahihi, ingawa mzee hakuupanga kwa hesabu yoyote. "Ndivyo tunavyomfanyia ng'ombe aliyezaa usiku wa mvua," alinieleza.

Jasho

Kosa ambalo halikuwa la chakula ni lile koti la plastiki. Jasho likikauka juu ya ngozi hubeba joto nyingi, kama kilokalori 580 kwa lita, na ndivyo mwili unavyojipoza Tanga au Dar es Salaam. Chini ya plastiki jasho halikauki. Linabaki kwenye fulana, na maji hupitisha joto haraka kuliko hewa kwa takriban mara 25. Kwa hiyo alilowa kwa ndani kabla theluji haijamlowesha kwa nje, na alipoketi, fulana ile ilikuwa inakula moto wake haraka kuliko chakula chochote ambacho tungempa. Ndiyo maana nguo zilitangulia uji kwa dakika kumi. Kama ningelazimika kuchagua moja tu kati ya fulana kavu na bakuli la uji, sijui ningechagua ipi, na nashukuru sikuulizwa.

Yaliyoenda sawa, na yale ya bahati

Kusubiri kabla ya kumshusha kulifanya kazi, na dhana kwamba tatizo ni baridi na njaa, si ubongo, ilithibitika kwa jinsi alivyorudi bila dawa na bila kushuka. Hata hivyo sitaki kiongozi mwingine alichukue hilo kama kanuni. Tulikuwa na hema kavu, mpishi mwenye akili, machela njiani, na saa moja ya mwanga. Ukikosa mawili kati ya hayo, shusha.

Mpishi ndiye aliyeokoa hali, na hakuwa kwenye orodha ya watoa huduma ya kwanza. Viongozi wote tulikuwa na vyeti.

Tulichobadilisha

Ofisi ilikubali mlo wa tatu kwa wagumu baada ya mabishano ambayo sitayarudia. Asubuhi sasa ni uji mzito wa ulezi kabla ya mkate, na hakuna anayeondoka kambini kabla ya kuumaliza, hata kama jirani atachukua uwanja mzuri wa mahema. Kila mtu anapewa getini mfuko wa karanga na sukari guru wa siku zote, na wa siku ya Barafu unafungwa peke yake kwa kamba nyekundu, kwa sababu tuligundua kuwa mifuko yote huliwa siku mbili za kwanza. Kila begi lina fulana moja kavu ndani ya mfuko wa nailoni, na anayerudi na maji huvua na kuvaa hiyo kabla hajaketi. Sahani ya kwanza ya mchana ni yake, kabla ya bisi za wageni.

Swali la "vipi hali?" nimeliacha. Nauliza: "Umekula nini tangu uamke?" Hilo mgumu hulijibu bila aibu, kwa kuwa halimuulizi kama ameshindwa. Wiki chache baadaye kijana mmoja alinijibu "Chai tu," nikamwondoa kwenye orodha ya maji palepale. Alinuna mpaka jioni.

Safari ya pili ya maji bado ipo. Tunapopungukiwa watu ndiyo njia pekee ya kuifikisha chai Barafu, na mpaka leo sijapata namna ya kuifuta. Nilichoweza ni kuwatuma wawili wawili, na aliyefika kambini wa kwanza haendi.